Kama angeulizwa, bibi angekubali

Mwanamke aliyeacha kazi ili alee familia, tumhesabu kuwa ametoa au amenyang'anywa? Nauliza kwa sababu katika mijadala yetu kila upande una jibu lake tayari, na hakuna anayemuuliza mwenyewe.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye sasa amevuka miaka 80, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga. Alifundisha miaka miwili tu. Mwaka 1963 babu, karani wa reli, alihamishiwa Tabora, kisha Kigoma, kisha Mwanza. Wakazaliwa watoto saba. Mpaka leo bibi hutaja majina ya wanafunzi wa darasa lake la mwisho kwa kufuata madawati waliyokaa.

Idd iliyopita jambo hili lilizuka sebuleni. Binamu yangu anayefanya kazi benki akasema bibi alidhulumiwa. Mjomba akamkatiza: mwanamke mahali pake ni nyumbani, hakupoteza kitu. Bibi akawanyamazisha wote wawili. "Babu yenu nilimpenda, Mungu amrehemu, na namuomba Mungu anikutanishe naye huko akhera. Barua ya kuacha kazi aliiandika yeye, mimi nikatia saini. Angeniuliza ningesema ndiyo. Hakuniuliza."

Ndugu msomaji, maneno hayo yana uzito kuliko hoja za wote wawili. Binamu anamfutia bibi mapenzi ya zaidi ya miaka 40, na bibi hakumtuma mtu amlilie. Lakini mjomba naye atueleze. Katika fiqhi ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo, kupika na kufua si wajibu unaomlazimu mke kwa mkataba wa ndoa. Akifanya, ni ihsani yake. (Wapo wanazuoni wenye rai nyingine, sitaki ugomvi nao hapa.) Kama ni ihsani, mbona tunaipokea kama kodi ya nyumba? Hata Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka mwaka 1983 kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Tazama mahari. Sura An-Nisaa, aya ya 4, inamruhusu mume kula katika mahari pale tu mke anapomwachia kwa ridhaa ya nafsi yake. Mahari yenyewe pengine ni kitanda na shilingi chache. Ikiwa hicho kidogo kinahitaji ridhaa, itakuwaje kwa elimu na kazi ya umri mzima?

Babu hakuwa mtu mkali. Jioni alikuwa akimsomea bibi gazeti huku bibi akimsahihisha. Nadhani hakuuliza kwa kuwa alilijua jibu. Mapenzi yana tabia hiyo, humfanya mtu aone swali ni la nini.

Vijana wanaonijia wakijiandaa kuoa huniuliza mahari iwe kiasi gani. Kuhusu kazi ya mchumba hawaniulizi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale ya ndoa, nasi tunafunga ndoa jambo lenyewe halijatajwa hata mara moja. Basi siku hizi nawauliza mimi: ukihamishiwa Kigoma, barua ya kuacha kazi ataiandika nani? Nawatuma wakamuulize mchumba. Wawili wamekwisha rudi, wakaniambia jibu halikuwa lile walilolitarajia.