Kitabu Kisichofunuliwa

Ikiwa kitabu kimeumbwa kwa risasi, kurasa zake zikawa nzito hata mtu mmoja asiweze kuzifunua, je, chastahili bado kuitwa kitabu? Msanii wa Kijerumani, Anselm Kiefer, kati ya mwaka 1985 na 1989 aliunda vitabu vya namna hiyo vipatavyo 200, akavipanga katika rafu za chuma, na haiba ya vitabu hivyo ni kubwa, kwani hutukumbusha kwamba elimu ina uzito.

Lakini moyo wangu waelekea Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambako katika karne ya 18 na ya 19 makatibu walinakili Misahafu kwa mkono, juu ya karatasi iliyovuka bahari kutoka Ulaya, wakazizungushia aya nakshi za wino mwekundu, mweusi na wa manjano, kisha wakaijalidi kwa ngozi; na pambo lile, ingawa lavuta jicho, halikukusudiwa kulizuia njiani, bali kulifikisha kwenye Neno. Kiefer ametukuza umbo la kitabu kwa kuinyamazisha sauti yake, hali makatibu wale waliufanya uzuri wa mkono kuwa sehemu ya ibada, nayo ibada hiyo haitimii pasipo kisomo. Kwa rai yangu, Msahafu wa Siyu ndio sanaa iliyo kamili zaidi.