Mbivu Aliyoila Joe Mullen

Joe Mullen alikulia Hell's Kitchen, New York, akijifunza hoki mtaani kwa viatu vya magurudumu, siyo kwenye barafu. Kila mwaka timu za NHL huchagua vijana mmoja mmoja. Jina lake halikuitwa. Mwaka 1979 St. Louis ikamsajili hivyo hivyo. Baadaye alitwaa Kombe la Stanley mara 3, na mwaka 1997 akawa Mmarekani wa kwanza kufikisha mabao 500.

Hapo ndipo tunapopenda kusema: mvumilivu hula mbivu. Sawa. Lakini mbona methali hii tunaitoa tukishaiona mbivu yenyewe? Wapo wengi ambao nao hawakuitwa, wakavumilia vilevile, na hakuna anayewaandika. Je, walivumilia bure?

Mimi naona hapana. Uvumilivu wa Mullen haukupata thamani siku ya bao la 500. Ulikuwa nayo tangu kule barabarani, kabla timu yoyote haijamtaka. Bao lile lilitufumbua macho sisi tu. Sasa tukisubiri kombe ndipo tumheshimu mtu, tuna tofauti gani na wale waliolipita jina lake?