Steringi Asiyerudi Nyumbani

Je, mtu akimuua dhalimu ili kuwaokoa wanyonge, mikono yake hubaki safi? Filamu za kauboi zimelijibu swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja, na mara nyingi jibu lake limekuwa jepesi: adui ameanguka, mji umepona, steringi anapanda farasi na kwenda zake. Jibu hilo limeenea hadi kwenye vibanda vya video vya Kenya, ambako sauti ya DJ Afro imewasimulia wengi kwa Kiswahili mapigano ya Marekani na ya Asia. Mtazamaji wa Magongo au Chaani haulizwi kama adui alistahili kufa. Ubaya wake ameshaoneshwa, kilichobaki ni kungoja risasi. Nashikilia kwamba filamu moja ya Kijapani, iliyoichukua hadithi ya kauboi na kuipeleka kwenye theluji ya Hokkaido, inalo jibu la kweli zaidi, na jibu hilo latuhusu sana sisi tuishio Changamwe, Mombasa.

Japani na kauboi ni wakopeshanaji wa siku nyingi. Mwongozaji Akira Kurosawa alijifunza mengi kwa John Ford wa filamu za kauboi. Kisha Wamarekani wakaichukua Seven Samurai yake ya 1954 na kuifanya The Magnificent Seven mwaka 1960, naye Sergio Leone akaigeuza Yojimbo ya 1961 kuwa A Fistful of Dollars bila idhini, hata ikabidi wenye filamu hiyo walipwe fidia. Mwaka 2013 mwongozaji Lee Sang-il alikopa upande wa pili. Aliichukua Unforgiven, filamu ya Clint Eastwood ya 1992, akamweka Ken Watanabe mahali pa kauboi mzee. Mhusika wake anaitwa Jubei, samurai wa utawala ulioanguka, aliyeua watu wengi katika vita vilivyoiingiza madarakani serikali ya Meiji. Amejificha kaskazini, ambako wenyeji wa Kiainu wanadhulumiwa na watawala wapya. Mkewe, Muainu, aliyemwachisha kuua, amefariki. Watoto wana njaa. Rafiki wa zamani anamletea kazi: mwanamke aitwaye Natsume amechanjwa uso kwa kisu, na wenzake wamechanga fedha za kuwalipa watakaowaua waliofanya hivyo.

Hadithi hizo mbili huenda sambamba karibu njia nzima, kisha huachana mahali penye uzito. Mwishoni mwa filamu ya Eastwood, maandishi yanadokeza uvumi kwamba muuaji alihamia San Francisco na wanawe, akafanikiwa katika biashara. Lee anamnyima Jubei hata uvumi huo. Jubei analipiza kisasi cha rafikiye aliyeteswa hadi kufa na mkuu wa polisi, kisha anaondoka peke yake. Goro, kijana aliyejiunga nao katika kazi ile, na Natsume ndio wanaokwenda kwa watoto wake. Goro huyo alijigamba kuwa ni muuaji, lakini alipoua kweli alivunjika moyo akalia. Filamu haidai kwamba waliouawa walikuwa wema. Mkuu huyo wa polisi ni katili kwelikweli. Inachosema ni kizito zaidi: hata sababu ya kuua ikiwa njema, tendo lenyewe humtoa mtu katika jamii aliyotaka kuitetea, na wanaoharibika zaidi ni vijana waliotumwa kulitenda.

Hapo ndipo inapotugusa. Mtaani mtu akipigiwa kelele za mwizi, umati hukusanyika na tairi hutafutwa kabla jina lake halijaulizwa. Afisa wa polisi anayesifika kwa kuwapiga risasi washukiwa hupata mashabiki, kana kwamba Ibara ya 26 ya Katiba, inayolinda uhai, na Ibara ya 50, inayompa kila mshtakiwa haki ya kusikizwa, ziliandikiwa watu wa nchi nyingine. Atakayepinga atasema kwamba kesi huchukua miaka, mashahidi hutishwa, na mwizi wa leo huonekana kesho akinywa chai palepale alipoiba. Malalamiko hayo ni ya haki, wala mwenye kuporwa mshahara wa mwezi mzima hapaswi kuhubiriwa subira kwa urahisi. Lakini umati hauna njia ya kujua kama umemshika aliyeiba au mpita njia. Mahakama ikikosea kuna rufaa. Moto haukatiwi rufaa. Na vijana waliowasha kiberiti hurudi majumbani kwetu usiku uleule, wakiwa wamejifunza kwamba kuua ni kazi ya kushangiliwa.

Wapo watakaosema kwamba dini zenyewe zinakiri kisasi. Ni kweli, Sura ya Al-Baqara, aya ya 178, inakitaja. Lakini aya hiyohiyo inamfungulia mwenye kufiwa mlango wa kusamehe na kupokea fidia, na jumhuri ya wanazuoni wamesisitiza kwamba hukumu hiyo hutekelezwa na mamlaka baada ya ushahidi, si na kila mwenye hasira. Paulo naye, katika sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, anawakataza waumini kujilipizia, akiwataka waliache jambo hilo kwa Mungu. Serikali yetu yenyewe, yenye majaji na magereza, haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji. Ikiwa wenye sheria mkononi wanauzuia mkono wao, umati wenye mawe unapata wapi ruhusa?

Haitoshi kulaani umati. Anayekataa haki ya mtutu ana deni la kuitafuta ile nyingine: kumkabidhi mshukiwa kituoni akiwa hai, kukubali kutoa ushahidi, kudai afisa muuaji afikishwe kortini, na imamu na mchungaji kulisema hili waziwazi, Ijumaa na Jumapili, hata pale aliyeuawa alipokuwa mwizi kweli. Usalama tunaoununua kwa damu huwatoza watoto wetu, na hakuna mji uliopona kwa kuwafanya wanawe wauaji.