Saa Tunayoitaja na Saa Tunayoiogopa

Katika Rozari moja twaitaja saa ya kufa kwetu mara 53. Twaitaja jioni, watoto wakisinzia, chungu kikiwa bado motoni, na mara nyingine mgonjwa wetu akiitikia kwa sauti ndogo kutoka chumba cha pili. Lakini Rozari ikiisha, mgonjwa yule akianza kusema, "Wanangu, siku nitakapoondoka...", wote twaharakisha kumkatiza: "Usiseme hivyo, Mama. Utapona tu." Naye hunyamaza. Jambo lile tuliloliombea mara 53 limekuwa mwiko nyumbani.

Wapenzi wasomaji, hatuandiki haya kwa kuwahukumu wengine. Nasi tumefanya hivyo, na twajua kwamba hufanywa kwa mapenzi. Amwambiaye mgonjwa kuwa atapona hadhani kwamba anamdanganya. Hudhani kwamba hiyo ndiyo imani yenyewe, na kwamba kutaja kifo ni kumkatia mgonjwa tamaa. Basi yatupasa kuuliza: je, hilo ndilo tumaini tulilofundishwa na Kanisa, au ni hofu iliyovaa nguo za tumaini?

Na tumtazame mama mmoja wa Afrika. Mwaka 387 Mtakatifu Monika alikuwa Ostia, bandari ya Roma, pamoja na wanawe, wakikusudia kupanda meli kurudi kwao, katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Mwanawe Augustino, ambaye mama alimlilia Mungu kwa ajili yake miaka mingi, alikuwa amebatizwa Pasaka ya mwaka ule ule. Hapo mama akashikwa na homa. Alipoona hali yake, aliwaambia wanawe kwamba watamzika pale pale. Navigius, nduguye Augustino, akajibu kwamba ingekuwa heri afie katika nchi yake, si ugenini. Navigius hakuwa mtu mbaya. Alisema yale ambayo wengi wetu tungeyasema. Lakini mama alimkazia macho ya kumkemea, kisha akawaambia wasihangaike juu ya mahali pa kuuweka mwili wake. Aliwaomba neno moja tu: popote watakapokuwa, wamkumbuke altareni kwa Bwana.

Ili kuupima uzito wa neno hilo, yafaa kujua kwamba mama huyu alikuwa ametengeneza zamani kaburi lake kando ya kaburi la mumewe Patricius, na alilitunza wazo hilo kwa miaka. Sasa aliliacha. Alikwisha kuwaambia rafiki kwamba hakuna mahali palipo mbali na Mungu, wala hakuogopa kwamba siku ya mwisho Mungu hatajua wapi pa kumfufua. Sisi tuliopata kuona ndugu wakigombana juu ya mahali pa kuzika, maiti akingoja siku nyingi mpaka wapatane, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Augustino mwenyewe alinyamaza akasikiliza. Kama wanawe wangalifaulu kumnyamazisha, ombi lake lingalizikwa pamoja naye.

Hapa ndipo tunapoona madhara ya ukimya wetu. Mgonjwa ana mambo ya kusema: deni la mtu, shamba lililogawanywa vibaya, mtoto aliyefukuzwa nyumbani, dhambi inayomlemea. Anatafuta mlango wa kuanzia, nasi twaufunga kwa neno tamu. Tena twaogopa kumwita padre, kwa sababu tumezoea kusema kwamba padre akija na mafuta, kifo kimefika. Twangoja. Padre anapoitwa hatimaye, huenda yuko kigango cha mbali, njia imeharibika kwa mvua. Akifika, mgonjwa hawezi tena kuungama wala kumeza Komunyo. Padre humpaka mafuta mtu asiyesikia lolote, na jamaa husema, "Angalau amefika." Kweli, neema ya Mungu haifungwi na kuchelewa kwetu. Lakini tumemnyima ndugu yetu faraja aliyoihitaji alipokuwa angali na macho ya kumwona padre na masikio ya kuisikia sala.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema waziwazi mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika pumzi ya mwisho. Wakati wake umekwisha kuwadia Mkristo anapoanza kuwa katika hatari ya kifo kwa ugonjwa au uzee. Akipona, kisha akaugua tena sana, aweza kupakwa tena. Tangu mwaka 1972, alipoitengeneza upya ibada hiyo Baba Mtakatifu Paulo VI, wazee wengi wamepakwa mafuta, wakarudi kulima. Sakramenti inayoitwa kwa ukamilifu ya wale wanaoondoka ni Komunyo ya mwisho, yaani masurufu ya njiani. Na msafiri hupewa masurufu kabla ya kuanza safari.

Je, mwenye tumaini hulia? Wapo wanaowakaripia wafiwa, hasa wanaume, ati Mkristo hatoi machozi. Hatukubali. Bwana wetu alikwenda kwenye kaburi la Lazaro akijua kwamba atamfufua, na bado alilia. Naye katika Gethsemane hakukifurahia kifo, alihuzunika nacho. Augustino alijaribu kuwa mgumu kuliko Bwana. Monika alipokata roho siku ya tisa ya ugonjwa, kijana Adeodatus aliangua kilio, watu wakamnyamazisha. Augustino akajizuia: kwa nini kumlilia kana kwamba amepotea, naye hakupotea? Alikwenda maziko na kurudi bila chozi. Alikwenda hata kuoga, kwa kuwa alisikia kwamba maji huondoa huzuni. Alitoka vile vile alivyoingia. Kisha akalala. Alipoamka akiwa peke yake kitandani, aliyaacha machozi yatoke mbele ya Mungu, wala hakuona haya kuyaandika miaka kadhaa baadaye, alipokuwa askofu.

Katika kitabu hicho, Maungamo, alitimiza pia lile ombi la Ostia. Aliwaomba wote watakaokisoma wawakumbuke altareni wazazi wake, akawataja wote wawili kwa majina, Monika na Patricius. Nasi mpaka leo, kila tarehe 27 Agosti, mapadre hulitaja jina la mama huyo katika Misa, mbali sana na bandari ile alikozikwa ugenini.