Somo la 9: Minyororo Ndani ya Ubongo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 139:14, Isaya 38:1–5, 21, Marko 5:1–20, Marko 15:23, Luka 10:30–35, Warumi 7:15–25, 1 Wakorintho 6:12, 19, 20, Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20.

Fikiria familia moja ya waumini wa Pongwe, kando ya barabara itokayo Tanga mjini kwenda Segera. Kijana wao alianza na bangi kijiweni, akaishia kwenye unga. Vyombo vya nyumbani vilitoweka kimoja kimoja: redio, sufuria, hata kitenge cha mama yake. Sasa kila asubuhi anapanda daladala kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo kunywa methadoni, na siku ya Sabato anaomba kuketi tena na darasa lake. Mzee wa kanisa anamwambia mama, "Mama, mwanao hajaacha. Amebadilisha dawa tu." Mama anajibu, "Mzee, mimi naona analala usiku, na sufuria zangu zipo."

Nani kati yao anaona sawasawa? Ili kujibu, juma hili tutaangalia jinsi Mungu alivyouumba ubongo, jinsi dawa za kulevya zinavyouteka, na jinsi Kristo anavyowarudisha mateka.

JUMAPILI: Umbo la Kutisha na la Ajabu

Soma Zaburi 139:14. Ni sababu gani inayomfanya Daudi amshukuru Mungu?

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Mahali pengi seli hizo hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo mno uitwao sinapsi. Seli yenye habari humwaga kemikali kwenye mwanya huo. Kemikali hizo ni wajumbe, na wataalamu huziita nyurotransmita. Mjumbe huvuka, hushika kipokezi cha seli ya pili kama ufunguo uingiavyo katika kufuli lake, hutoa habari, kisha huondolewa.

Mwaka 1973 huko Marekani, Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba ubongo una vipokezi vinavyoshikwa na dawa za jamii ya afyuni. Mtu angeweza kuuliza: je, Muumba alituwekea kufuli la afyuni? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, Scotland, walipata jibu. Mwili hutengeneza wajumbe wake wenyewe wa kutuliza maumivu, na vipokezi vile ni vyao. Kiti hakikuwekwa kwa ajili ya heroini. Kilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo.

JUMATATU: Mgeni Aliyekalia Kiti

Soma 1 Wakorintho 6:12. Paulo anakataa kutawaliwa na nini?

Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa mofini, nayo hukalia viti vya wajumbe wa asili. Kwa kawaida kuna seli zinazofanya kazi ya breki, zikizuia dopamini isimwagike ovyo. Dopamini ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba jambo hili ni jema, lirudiwe. Mofini huzinyamazisha breki hizo, na dopamini hufurika kuliko chakula au kicheko cha mtoto kinavyoweza kuileta. Vipokezi hivyo viko pia kwenye shina la ubongo, panapoongozwa pumzi. Ndiyo maana aliyezidisha kipimo huacha kupumua.

Kila kilevi kina njia yake. Kathinoni ya mirungi husukuma dopamini itoke. Nikotini ya sigara hushika vipokezi vya asetilikolini. Bangi huchukua nafasi ya mjumbe aitwaye anandamidi. Pombe, hata gongo, huzipa nguvu breki za ubongo mpaka ulimi na miguu vinalegea.

Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu, siku ya tatu, humpa jembe mwenye nyumba.

JUMANNE: Lile Asilolipenda

Soma Warumi 7:15–25. Kilio cha Paulo kinafananaje na cha mtu aliyenaswa?

Ubongo ukifurikiwa kila siku hujilinda. Vipokezi hupunguza usikivu, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Dawa ikikosekana huja arosto: jasho, miayo, kuhara, mifupa kuuma, usiku bila usingizi. Wakati huo kijana hatafuti raha tena. Anatafuta kuwa sawa tu. Ubongo umejifunza pia kukumbuka, na kuona maskani ya zamani kunatosha kuamsha kiu.

Paulo anazungumzia dhambi, wala hatoi udhuru kwa yeyote. Kete ya kwanza huchaguliwa, na wajibu haufutiki. Lakini kumwambia aliye kwenye arosto "jikaze" ni kumdai nguvu zilezile zilizoibwa. Yesu aliyafahamu maumivu. Hata hivyo, katika Marko 15:23 alikataa divai iliyotiwa manemane, akabaki na akili timamu kwa ajili ya wale wasioweza kujiokoa.

JUMATANO: Watu Walipomwogopa Aliyepona

Soma Marko 5:1–20. Minyororo ilimsaidia nini mtu yule?

Alifungwa mara nyingi, akaivunja minyororo. Leo pia zipo familia zinazomfungia kijana chumbani, zikidhani siku kadhaa zinatosha. Hatari ni kubwa: mwili uliokaa bila dawa hupoteza ustahimilivu wake, na akitoroka na kurudia kipimo cha zamani anaweza kufa.

Angalia jambo jingine. Watu waliogopa walipomwona ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, nao wakamwomba Yesu aondoke. Naye Yesu akamtuma mtu yule nyumbani kwao. Uponyaji wake ulipaswa kuonekana kwa jamaa zake, mezani na mlangoni.

ALHAMISI: Tini za Hezekia

Soma Isaya 38:1–5, 21. Mungu alikwisha kuahidi uponyaji. Mbona Isaya aliagiza tini?

Ahadi na dawa havikupingana. Tanzania bara ilianza tiba ya methadoni Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha huduma ikafika mikoa mingine. Methadoni hushika vipokezi vilevile, na hapo mzee wa kanisa yuko sahihi. Lakini huingia polepole na kudumu zaidi ya siku moja. Anayeinywa kwa kipimo sahihi, mbele ya mhudumu, hapandi na kushuka kama mtumia unga. Arosto hutulia, sindano huachwa, na akili hupata nafasi ya kusikia Neno. Hapo mama yuko sahihi. Wengine huhitaji tiba hiyo kwa miaka, na kuiacha kwataka ushauri wa daktari.

Msamaria wa Luka 10:30–35 alitumia mafuta na divai, akalipia nyumba ya wageni, akaahidi kurudi. Hakuuliza majeruhi atapona lini.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu Huduma ya Uponyaji (1905), Ellen G. White alitenga sura ya kuwahudumia walionaswa na ulevi. Isome pamoja na Wagalatia 6:1, 2. Kijana wa Pongwe ana vita viwili. Kimoja kiko ndani ya ubongo, na hicho kina Bombo. Kingine kiko mlangoni pa kanisa, na hicho kina sisi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kama kijana huyu angeingia darasani Sabato hii, angeketi karibu na nani? Nani angehama?

2. Tunawezaje kuwafundisha watoto hatari ya kete ya kwanza bila kuwadharau walioionja?

3. Akianguka tena, kanisa litafanya nini juma hilo hilo? Pangeni jambo moja mnaloweza kulitekeleza: nauli ya daladala, mtu wa kumsindikiza, au maombi pamoja na mama yake.