Springi Mpya, Tairodi Kuukuu

Peachtree City, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kigari cha gofu hakiishii uwanjani. Mji una njia maalumu za vigari, zaidi ya kilomita 150, zinazokatiza msituni na kupita chini ya barabara kuu. Watu huenda navyo dukani. Wanafunzi wa sekondari huenda navyo shuleni. Kisa hiki ni cha mstaafu wa mji wa namna hiyo.

Alinunua kigari kilichotumika, akaona kinajikokota, maana vigari vya gofu hutengenezwa visifike hata kilomita 25 kwa saa. Akabadilisha mota na kidhibiti chake, kikawa kinakimbia 40. Akakiinua sentimita 15 ili matairi makubwa yaenee, akafunga na kiti cha nyuma cha wajukuu. Kisha mbele kukaanza kusumbua. Akikanyaga breki, pua inazama. Akipita juu ya mzizi, usukani unataka kumponyoka. Akaagiza springi nzito na shokapu mpya.

Jirani yake, fundi wa magari, alimkuta akifungua boksi. "Mzee wangu, kabla hujazifunga, tukipige jeki tuyatikise magurudumu."

"Springi zikishakaa, yote yatatulia," akajibu.

Akazifunga, na kweli pua haikuzama tena. Mimi naona hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu kule kuzama kulikokuwa kukimlazimisha kupunguza mwendo kulitoweka, naye akazidi kukimbiza. Jioni moja, kwenye mteremko, gurudumu la kushoto likapiga mzizi likageuka peke yake. Kigari kikalala ubavu. Mjukuu aliyekaa nyuma akavunjika mkono.

Fundi alipolala chini kukagua, alikuta kichwa cha tairodi, kile chuma kinachounganisha stelingi na gurudumu, kimechomoka. Mpira wake ulikuwa umechanika siku nyingi. Grisi ya ndani imechanganyika na mchanga, imekuwa tope jeusi lenye kutu. Bushi za gurudumu lile zilikuwa zimelika upande mmoja. Springi zilikuwa nzima kabisa, na hilo halishangazi. Springi laini humeza sehemu ya pigo la njia. Ukiweka ngumu, pigo lile haliishi. Linahamia kwenye bushi na tairodi, na chochote kilichochoka kitaachia. Tena kigari kikiinuliwa bila kurekebisha stelingi, tairodi hukaa mshazari, na kila gurudumu linapopanda na kushuka linavutwa pembeni hata kama dereva ameshika usukani barabara.

Jambo la breki linanisikitisha zaidi. Vigari vingi vya gofu vina breki za nyuma peke yake. Kutoka kilomita 24 hadi 40 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza inakaribia kuwa mara tatu. Tangu 1998, kanuni za Marekani zinakihesabu kigari kinachozidi kilomita 32 kwa saa kuwa chombo cha barabarani, kinachotakiwa kuwa na mikanda, taa na vioo. Cha mzee huyu hakikuwa na hata mkanda mmoja, na watoto walikuwa wamekaa juu zaidi ya mahali kiwanda kilipokusudia.

Fundi alikubali kukitengeneza, ila kwa utaratibu wake. Alipiga jeki, akashika gurudumu juu na chini akalitikisa: likicheza, kagua bushi na beringi. Akashika kushoto na kulia: likicheza, kagua tairodi na stelingi. Alibadilisha vyote vilivyocheza, akashusha kimo, akapima kwa futi umbali kati ya matairi, mbele na nyuma yake, hadi mbele pakawa pembamba kwa milimita chache kama kitabu cha kigari kilivyoagiza. Springi akazifunga mwisho. Mwendo akaurudisha 24, akamwambia mzee kwamba hataupandisha mpaka breki za mbele na mikanda iwepo.