Vibuyu Viwili

Ukungu bado umelala juu ya Kipkelion, na mama mmoja anasugua kibuyu cha maziwa ya mgando kwa makaa ya mti wa senetwet. Hiki ni cha mursik ya watoto. Kile ni cha mursik ya kuuza. Havichanganywi.

Lakini biashara yake imechanganyika na nyumba.

Jina la biashara amelisajili kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na amefanya vyema. Ila jina si kibuyu cha pili. Mbele ya sheria, jina hilo ni yeye mwenyewe: deni la biashara ni deni lake, na mdai anaweza kumfuata hadi kwa ng'ombe wake. Kampuni ni mtu mwingine kabisa. Tangu Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, hata mtu mmoja anaweza kuiunda. Ina gharama, ina makaratasi ya kila mwaka. Na akidhamini mkopo wa kampuni kwa jina lake binafsi, kibuyu kimetoboka.

Halafu kuna moto. Jiko lilelile la ugali ndilo la maziwa ya kuuza. Bima ya nyumba, mara nyingi, haigusi mali ya biashara.

Leo atamwuliza wakala wa bima, kabla ya kulipa: friji yangu ya maziwa ikiungua, mteja wangu akiugua, nani atalipa?